"Rise", "raise" na "lift": maneno ya Kiingereza ya kupanda, kupandisha na kuinua

Ikiwa unajifunza Kiingereza hapa Bujumbura, iwe shuleni, kwenye kozi ya jioni au kwa simu nyumbani, mapema utakutana na maneno matatu yanayokaribiana: "rise", "raise" na "lift". Kamusi ndogo huyatafsiri yote kwa kupanda au kuinua, kisha inakuacha hapo. Sokoni kosa kama hilo halidhuru. Kwenye fomu, kwenye mahojiano ya kesi yako, au unaposoma habari za kuhamishiwa nchi ya tatu, linaweza kukupa maana iliyo kinyume kabisa.

Kinachopanda chenyewe na kinachopandishwa

Tofauti ya "rise" na "raise" tayari unayo katika Kiswahili: ni ile ya kupanda na kupandisha, kuamka na kuamsha. Kirundi nacho kinayo, kuduga na kuduza. "Rise" ni ya kitu kinachopanda chenyewe: jua, moshi, maji, bei. Wakazi wa Gatumba wanaijua vizuri. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, na miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika likaendelea kupanda hadi maji yakaingia kwenye nyumba za ufukweni. Hiyo kwa Kiingereza ni "the lake rose".

"Raise" inataka mtendaji na kitu anachokitenda. "The rent rose" ni kodi ya nyumba imepanda, basi. "The landlord raised the rent" ni mwenye nyumba amepandisha kodi. Kama unaandika malalamiko kuhusu mwenye nyumba, sentensi ya pili ndiyo inayosema nani alifanya nini.

Waliosoma kwa Kifaransa huteleza hapa zaidi ya wengine, kwa sababu "augmenter" hufanya kazi zote mbili: bei inapanda, na mtu anapandisha bei. Ndiyo maana utasikia "the price raised". Si sahihi. Sema "the price rose".

Kwa wakati uliopita, "rise" hugeuka: "rose", kisha "risen". "Raise" haina taabu, ni "raised" tu. Kwa matamshi, "rise" iko karibu na rais, na "raise" iko karibu na reizi.

"Raise" ndani ya mahojiano

Mahojiano ya kesi za wakimbizi huwa na mkalimani, na hulazimiki kujibu kwa Kiingereza. Lakini mkalimani naye ni binadamu, na ukiyajua maneno machache unaweza kumsahihisha mapema.

Afisa wa Marekani huanza kwa kiapo, na hapo utaambiwa "raise your right hand", yaani inua mkono wa kulia. Hilo ni jepesi. Zito ni "who raised you?" Hakuulizi nani alikubeba. Anauliza nani alikulea.

Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na mama mdogo ni mama. Kwenye faili lako kulea na kuzaa ni mistari miwili tofauti. Ukisema "he is my son" kuhusu mtoto wa marehemu dada yako, na mwaka ujao ukasema mama yake ni dada yako, msomaji wa faili anaona maelezo mawili yanayopingana, hata kama hukukusudia kudanganya. Sema yote kwa pamoja: "He is my sister's son. I raised him." Ni mtoto wa dada yangu, mimi nilimlea.

Kuna mtego mwingine, na huu hata Waingereza wenyewe huukosea wakiandika. "Raze" hutamkwa sawasawa na "raise", lakini maana yake ni kubomoa hadi chini. Kama kijiji chako kilichomwa, usihangaike na neno hilo. Sema "they burned our village" au "they destroyed our village". Na kabla ya kutia saini maelezo yoyote, omba usomewe tena kwa lugha unayoielewa.

Ofisini utakutana pia na "raise a complaint" au "raise a concern". Hakuna kinachoinuliwa hapo. Ni kuwasilisha malalamiko au jambo linalokusumbua.

"Lift": mzigo, gari na marufuku

"Lift" kwanza ni kunyanyua kitu kutoka kilipo: gunia, ndoo, mtoto. Matangazo mengi ya kazi za ghala Marekani huandika "must be able to lift 50 pounds", lazima uweze kunyanyua paundi 50. Usikimbilie kujibu hapana kwa kudhani ni kilo. Paundi 50 ni karibu kilo 23, chini ya nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 50.

Lifti tunayoomba barabarani imetoka kwenye neno hilohilo. Uingereza ukisema "give me a lift" utaeleweka, na "lift" ya ghorofani ni ile ambayo Kifaransa huita "ascenseur". Marekani na Kanada, ya ghorofani ni "elevator" na ya barabarani ni "ride".

Maana ya tatu ndiyo inayowapotosha watu kwenye habari. "Lift" ikitangulia neno la kuzuia, maana yake ni kuondoa. Novemba 2021 Marekani iliondoa vikwazo ilivyokuwa imeiwekea Burundi, na Februari 2022 Umoja wa Ulaya nao ukafanya hivyo. Vichwa vya habari vya Kiingereza viliandika "sanctions lifted". Aliyesoma kwa haraka angeweza kudhani vikwazo vimepandishwa.

Linganisha na "raise". Mei 2021 Marekani ilipandisha kiwango cha juu cha wakimbizi inaowapokea kwa mwaka, kutoka 15,000 hadi 62,500. Hiyo ni "raise the ceiling": kikomo kipo, ila kimepanda. "Lift the limit" ingemaanisha kikomo chenyewe kimeondolewa.

Januari 2025 nchi hiyohiyo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Neno la usimamishaji huo ni "suspension". Ukitumiwa ujumbe kwenye WhatsApp wenye "suspension" na "lift" ndani yake, tafuta kwanza kama kuna "not". "The suspension has been lifted" ni zuio limeondolewa. "The suspension has not been lifted" ni zuio bado lipo, na anayekuomba faranga ili aingize jina lako kwenye orodha ya safari anakudanganya.