Meli Iliyozama Vitabuni

Mimi ni mzaliwa wa Kisarawe, na uzee wangu ninaumalizia Kibaha. Baina ya kwetu kwa zamani na kwangu kwa sasa inapita Reli ya Kati: inatoka Dar es Salaam, inapanda vilima vya Pugu vilivyopakana na Kisarawe, kisha inashuka Soga na Ruvu, katika ardhi ya Kibaha. Utotoni tulihesabu mabehewa. Hakuna aliyetuambia kwamba katika reli ile ile ilipata kupita meli nzima.

Meli hiyo ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilishushwa bandarini Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni hadi Kigoma, nako ikaunganishwa upya na mafundi watatu wa Kijerumani pamoja na vibarua wengi Waafrika. Iliingia majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, ikawa ndiyo meli kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa nikifundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha ualimu. Katika maktaba yetu palikuwa na riwaya ya C. S. Forester, The African Queen, iliyotoka mwaka 1935. Ndani yake Mwingereza fundi wa mashua na dada wa mmisionari wanateremka mtoni ili wakailipue meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Mwandishi aliibadili jina meli hiyo, akaiita Königin Luise. Mashua ya wawili hao inazama kwa dhoruba kabla ya kuifikia, na hatimaye boti za Kiingereza ndizo zinazoizamisha. Nami niliwaeleza wanachuo kwa kujiamini kabisa kwamba riwaya imebadili majina tu: meli ya kweli ilikuwa Götzen, nayo ilizamishwa hivyo hivyo na Waingereza.

Kijana mmoja kutoka mwambao wa ziwa, kusini mwa Kigoma, akanyosha mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema, "meli hiyo ipo. Ndiyo Liemba. Mimi nimepanda hiyo hadi Kigoma, nikachukua treni kuja chuoni. Na wazee wetu wanasema Wajerumani waliizamisha wenyewe."

Darasa lilicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Nikamwambia akae, tusome kilichoandikwa.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba kila alilolisema yule kijana lilikuwa kweli. Waingereza walipeleka kweli boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, zikakokotwa kupita milima ya Kongo. Desemba 1915 waliiteka Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Lakini Götzen hawakuishambulia. Majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia Kigoma, Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuipaka mitambo grisi nyingi isiharibiwe na maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe.

Tazama basi, msomaji wangu, jinsi ajali moja inavyosimuliwa na kusimuliwa tena. Forester mwaka 1935 aliwapa ushindi wanamaji wa nchi yake. Mwaka 1951 John Huston alitengeneza filamu ya kitabu hicho, akiwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Watazamaji wa sinema hawakutaka mashujaa wao washindwe. Kwa hiyo humo mashua ileile iliyozama ndiyo inayoilipua meli ya Wajerumani, na wapenzi wanaogelea wakifurahi. Baadaye waandishi waliirudia historia. Peter Shankland aliandika juu ya msafara wa boti zile mwaka 1968, na Giles Foden mwaka 2004. Mwaka 2007 Alex Capus, Mswisi, akawageukia wale mafundi wa Papenburg na kuwaweka katikati ya riwaya yake.

Kila kizazi kimeisogeza kalamu karibu zaidi na ukweli, hilo nalikiri. Lakini usukani wa hadithi umeendelea kushikwa na Mwingereza au Mjerumani. Waliobeba masanduku, waliogonga ribiti juani Kigoma na waliokata njia milimani ili boti zipite, wanaonekana kwa mbali, hawana majina. Na Liemba ilipoendelea kuchukua wasafiri, samaki na mahindi kwa miongo mingi, hata Mei 2015 ikawavusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, hakuna aliyeona kwamba hiyo nayo ni sinema.

Siwalaumu sana waandishi wa ng'ambo. Wao waliandika walichokipenda. Wa kulaumiwa ni mimi. Nilikuwa na shahidi darasani, kijana aliyelala juu ya sitaha ya meli ile, nami nikamnyamazisha kwa kitabu cha hadithi za kubuni. Aisifuye mvua imemnyea. Yule ilimnyea, mimi nilikuwa nimeisoma tu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwaambia walimu wangu vijana kisa hiki, bila kuficha kicheko changu. Nikawasihi: mwanafunzi akisema "kwetu si hivyo," weka kitabu chini kwanza, umsikilize. Yule kijana sikupata kumwona tena ili nimwombe radhi. Kama bado yu hai na mistari hii ikimfikia, namwambia: mwanangu, ulikuwa umesema kweli.