Ua la Vinka na Taya la Mtoto

Leo tunazungumzia saratani ya kinywa na dawa za miti shamba. Wengi huniuliza: je, mimea inaweza kutibu saratani? Historia ina jibu, na jibu hilo lina pande mbili.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine wa namna hiyo, akaanza kuchunguza. Ilikuwa saratani inayowapata sana watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, kama zile za kando ya Ziwa Victoria. Upasuaji haukuwaokoa.

Miaka hiyohiyo, huko Kanada, Robert Noble alikuwa amepokea majani ya vinka kutoka Jamaika. Vinka ni lile ua la waridi au jeupe linalopandwa nyuani, asili yake Madagaska. Wajamaika waliyachemsha majani yake kutibu kisukari. Noble na mwenzake Charles Beer walipoyajaribu, waliona yanapunguza chembe nyeupe za damu. Mwaka 1958 walitangaza dawa ya vinblastini. Baadaye kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilipata ndugu yake, vinkristini. Hadi leo, ikitumiwa pamoja na dawa nyingine, hutibu uvimbe wa Burkitt, na watoto wengi hupona wakifikishwa mapema.

Basi mmea unaweza. Lakini usichemshe vinka nyumbani, ni sumu. Hospitalini dawa hupimwa kulingana na mwili wa mtoto, na huingizwa kwenye mshipa.

Upande wa pili tuliuona mwaka 2011. Wakenya wengi walivuka mpaka hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, cha mizizi ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500 za Tanzania. Kilisemekana kuponya hata saratani. Wagonjwa kadhaa walifia safarini na kwenye foleni. Hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba kinaponya saratani.

Mama, mtazame mtoto kinywani. Meno yakilegea bila sababu au taya likivimba, usingoje: uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa mtu mzima, hasa anayetumia sigara, ugoro au pombe, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kichunguzwe.

Na kama ulishampa mgonjwa dawa ya kienyeji, tuambie bila hofu. Hatutakugombeza. Tukijua alichokunywa, tutamtibu vizuri zaidi.