Oldupai na Enzi Zake

Mwezi Julai nililala Karatu na wanafunzi wa mwaka wa tatu, tukisubiri kupanda lango la Lodoare alfajiri. Nilikuwa nimewapa kazi ya kuandika historia ya utafiti katika Bonde la Oldupai, kuanzia Wajerumani mpaka leo. Chakula cha jioni hakijaisha, kijana mmoja, mwanaharakati hodari ambaye ninamheshimu, akatangaza kwamba hataandika hata sentensi moja juu ya Wajerumani. "Mwalimu, wale walikuja kuchukua. Historia yetu ianzie pale tuliposhika jembe wenyewe." Mwenzake wa kike akamjibu kwamba bila akina Leakey hakuna Oldupai, na kwamba wote waliokuja baada yao ni waokota masazo. Meza ikagawanyika pande mbili. Mimi nilikunywa chai yangu kimya, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuusikia ubishi huo mahali pengine kabisa.

Nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamivu Uingereza, mwenzangu wa nyumba alikuwa mpenzi wa Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ambayo BBC ilianza kuirusha Novemba 1963. Mhusika wake mkuu husafiri katika wakati ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipodhoofika kiafya mwaka 1966, watunzi walibuni jambo la ajabu: msafiri yule yule anabadilika mwili na kuendelea na safari akiwa na sura nyingine. Tangu hapo kila kizazi cha watazamaji kina daktari wake, na kila kizazi kinaapa kwamba wale wengine ni bandia. Mwenzangu huyo alikuwa na tabia isiyo ya kawaida miongoni mwao. Alizipenda enzi zote, akieleza kila moja iliweza nini ambacho nyingine hazikukiweza, na wala hakuficha vipindi vibovu. Nilidhani ni upole wa tabia. Baadaye nilitambua kuwa ni nidhamu ya kusoma historia.

Kisa cha kwanza kabisa cha tamthilia hiyo kinawapeleka wasafiri kwenye Zama za Mawe, miongoni mwa watu waliopoteza siri ya kuwasha moto. Kilirushwa kati ya Novemba na Desemba 1963. Aprili 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walitangaza katika jarida la Nature spishi mpya waliyoiita Homo habilis, kutokana na mifupa ya Oldupai. Safari ya kweli katika wakati ilikuwa inaendelea hapa kwetu, na yenyewe pia ilikuwa imekwisha kubadilisha sura mara kadhaa.

Sura ya kwanza ni ile ambayo kijana wangu aliikataa. Mwaka 1911 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika bondeni na kuondoka na visukuku vilivyowashangaza wataalamu wa Berlin. Aliondoka pia na jina alilolisikia vibaya: Wamasai wanasema oldupai, yaani mkonge pori unaoota kila mahali pale, naye akaandika Olduvai. Mwaka 1913 akaja Hans Reck, mwanajiolojia aliyetoka kuchimba mijusi mikubwa ya kale huko Tendaguru, Lindi. Reck alichimba mifupa ya mtu, akadai ni ya kale sana kama tabaka ilimolala. Alikosea: mtu yule alikuwa amezikwa baadaye sana katika udongo mkongwe. Sehemu kubwa ya alichokusanya ilikwenda Ujerumani, na mpaka leo makumbusho ya Berlin yana visukuku vya Oldupai.

Haya yote ni kweli, na anayedai virudishwe ana hoja. Lakini simama kwenye ukingo wa bonde umsikilize mwongoza wageni. Atakuonyesha kwa kidole tabaka la kwanza, la pili, lile jekundu la tatu. Hesabu hiyo ni ya Reck. Ndiye aliyeutazama ukuta ule wa udongo na majivu ya volkano akausoma kama kitabu chenye kurasa zilizopangwa, tabaka la I hadi la V, na kila mtafiti aliyefuata, Mwingereza, Mmarekani, Mhispania au Mtanzania, ameandika juu ya kurasa hizo. Huwezi kumfuta Reck bila kufuta anwani ya kila jiwe lililookotwa baadaye.

Enzi ya akina Leakey ndiyo inayojulikana zaidi, kwa hiyo nitaipitia haraka kidogo. Louis alifika mwaka 1931, akiwa na Reck mwenyewe. Reck hakuwa ameona zana za mawe. Leakey akaweka naye dau kwamba ataziona ndani ya saa ishirini na nne, akashinda. Kisha wakaja miaka ya ukame wa fedha na wa bahati. Kutoka 1931 hadi asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinj huku mumewe akiwa amelala kambini na homa, ni miaka ishirini na minane. Nguvu ya enzi hii ni ukaidi. Udhaifu wake ni papara ya Louis ya kutangaza: Zinjanthropus alimwita zana-mkononi na babu yetu, na haukupita muda mrefu Homo habilis akamnyang'anya cheo hicho. Lakini hata papara ilizaa. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley walipima majivu ya tabaka la I kwa njia ya potasiamu na agoni, wakapata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya Louis mwenyewe. Siku hiyo umri wa ubinadamu ulirefuka duniani kote kwa sababu ya udongo wa wilaya ya Ngorongoro.

Nikiri upendeleo wangu: mimi ni mtu wa enzi ya Mary peke yake. Louis alifariki Oktoba 1972, lakini hata kabla ya hapo Mary alikuwa amehamia bondeni kabisa, na aliishi pale hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuwa na haraka. Alichora kila jiwe na kila mfupa mahali pake, akaacha kuuliza tu "nani aliishi hapa" akaanza kuuliza "alifanya nini hapa". Kitabu chake cha 1971 juu ya tabaka la I na la II bado kinasomwa na watu wanaompinga. Halafu zikaja nyayo za Laetoli mwaka 1978, zamadamu waliotembea wima juu ya majivu mabichi miaka milioni 3.66 iliyopita.

Na hapa ndipo deni la enzi hiyo linapoonekana. Habari za Laetoli Leakey aliletewa mwaka 1935 na mtu wa huko aliyeitwa Sanimu. Fuvu la OH 24 liligunduliwa mwaka 1968 na Peter Nzube, mmoja wa wafanyakazi Wakenya ambao macho yao makali yalikuwa mtaji mkubwa wa kambi ile. Ni wanafunzi wangapi wanawajua? Hata hivyo bonde lenyewe lina kumbukumbu yake. Maeneo ya uchimbaji yanaitwa kwa vifupisho ambavyo wageni huvisoma kama Kiingereza: FLK, MNK, JK. Ile K ya mwisho ni korongo, neno letu. Frida Leakey Korongo, Mary Nicol Korongo, na korongo la Juma. Kiswahili kimekaa katika majarida ya sayansi ya dunia kwa miongo mingi, kimejificha ndani ya herufi moja.

Enzi iliyofuata mwanafunzi wangu wa kike aliiita ya masazo. Mwaka 1986 timu ya Donald Johanson na Tim White ilipata vipande zaidi ya mia tatu vya kiumbe mmoja, OH 62, mahali ambapo akina Leakey walikuwa wamepita mara nyingi. Miongoni mwa walioandika ugunduzi huo wamo Fidelis Masao, Prosper Ndessokia na Paul Manega. Baadaye miradi ikaanza kuongozwa kwa ubia: Masao na Robert Blumenschine kuanzia mwaka 1989, Audax Mabulla na wenzake Wahispania kuanzia 2006. Nguvu ya enzi hii ni subira ya kurudia. Inachukua jibu la zamani, mathalani kwamba zamadamu wa FLK walikuwa wawindaji, na kulikagua upya kwa kuangalia alama za meno ya fisi na za jiwe kwenye mfupa mmoja mmoja. Kazi hii haitoi vichwa vya habari. Inatoa elimu.

Mwaka 2015 Masao na Elgidius Ichumbaki walikuwa Laetoli wakichunguza ardhi ambako ilipendekezwa kujengwa makumbusho. Mashimo ya majaribio yakafunua nyayo nyingine, mita 150 hivi kutoka zile za Mary. Angalieni jinsi enzi zinavyoshikana: swali lilikuwa la serikali yetu, juu ya turathi yetu, majivu yakiwa yale yale yaliyosomwa na Mary.

Je, enzi yetu haina udhaifu? Unao, na ni wa aina yake. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa tarehe 1 Julai 1959, siku kumi na sita kabla ya Zinj kuonekana, baada ya Wamasai kutolewa Serengeti kwa ahadi kwamba hapa wataishi pamoja na wanyama. Mwaka 1974 waliondolewa ndani ya kreta, mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku, na tangu 2022 kaya zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wengi wa wakazi na watetezi wao wanasema sivyo. Mimi ninaona aibu kidogo tunapomwonyesha mgeni nyayo za miaka milioni tatu na ushei kwa fahari, lakini tunashindwa kumweleza bila kigugumizi ahadi ya juzi tu. Watakaotuandika sisi watatuwekea hilo kwenye daftari la madeni, kama tunavyomwekea Reck visukuku vya Berlin, na watakuwa na haki. Natumaini wataandika pia nyayo za 2015.

Asubuhi ile tulisimama ukingoni. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likiingia hadi kwenye meno. Kijana wangu mwanaharakati alimwuliza mwongozaji ni nani aliyeyapa matabaka namba. Alipojibiwa, alinyamaza, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kazi yake ilinifikia wiki tatu baadaye. Kurasa nne juu ya Reck, za haki kabisa, kisha tatu za kudai mifupa irudi nyumbani, kali na zenye hoja. Mwenzake aliandika juu ya Nzube na wafanyakazi wa kambi. Wote wawili nimewapa alama za juu, ingawa kijana aliandika Kattwinkel kwa t moja mwanzo hadi mwisho.