Niwekee Kiingereza Kizito

Mwaka 1986 nilikuwa na meza, kiti na mashine ya chapa kwenye baraza moja karibu na stendi ya Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua: za kuomba kazi, za kudai kiinua mgongo, za kukata rufaa. Mteja alisimulia shida yake kwa Kiswahili safi, halafu akainama na kuninong'oneza, "Kaka, niwekee Kiingereza kizito." Uzito ndio aliokuwa akiulipia. Barua nyepesi, hata ikiwa imesema kila kitu, aliona amepunjwa.

Uzito huo niliuchota kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba Dar es Salaam, hazina ya visawe ya Roget. Siku moja akaja mwalimu aliyetaka kuhamia shule ya binafsi. Nikatafuta neno la kumsifu, nikalikuta egregious limekaa na wenzake wa kupita kawaida. Nikalipachika. Wiki mbili baadaye mwalimu akarudi na barua mkononi. "Kaka, umeniandikia nini? Wamecheka mpaka wakanionea huruma." Nilikuwa nimemwita mwalimu mbovu wa kupigiwa mfano.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za waliokusanya maneno hayo. Nilianza na egregious lenyewe. Asili yake ni Kilatini, likimtaja anayeonekana peke yake nje ya kundi, na Waingereza wa karne ya 16 walimsifia nalo mtu aliyewazidi wenzake. Wakaja kulitumia kwa kejeli, kejeli ikazoeleka, mwisho ikawa ndiyo maana. Kumbe barua yangu ingefaa sana, ila ilichelewa kama miaka mia nne.

Na kumbe hata tamaa ya uzito si yetu peke yetu. Wasomi wa Uingereza wa zama hizo waliiona lugha yao maskini mbele ya Kilatini, wakaimiminia maneno ya kuazima kwa ndoo. Waliochukizwa waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa wino wa waandishi ulikaa kwenye pembe. Mmoja wao, Thomas Wilson, alitoa kitabu cha ufasaha mwaka 1553, na ndani yake akaweka barua ya dhihaka iliyojaa maneno hayo tangu juu hadi chini. Unajua ilikuwa barua ya nini? Ya kuomba nafasi ya kazi kanisani. Nilipoisoma nilijiona nimekaa palepale barazani.

Mwaka 1604 Robert Cawdrey, mwalimu aliyewahi kuwa kasisi akanyang'anywa parokia yake, alichapisha orodha ya maneno magumu kama 2,500, na wanahistoria wengi huihesabu kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza. Aliwaandikia hasa wanawake wa heshima waliokutana na maneno hayo kwenye Maandiko na mahubiri bila mtu wa kuwaeleza. Maneno ya kila siku hakuyagusa. Nani angenunua kitabu cha kumweleza mkate ni nini? Nakala moja tu ya toleo lile imesalia, nayo iko maktaba ya Bodleian, Oxford.

Aliyenifurahisha zaidi ni Henry Cockeram, wa mwaka 1623. Sehemu ya kwanza ya kamusi yake inafasiri maneno magumu, kama wenzake walivyofanya. Ya pili inageuza: unatafuta neno la kawaida, yeye anakupa lile zito la kulivalisha. Hapo nilimtambua mwenzangu wa kazi. Na kama mimi, hakuwa mwangalifu. Mengi aliyachukua kwenye kamusi ya Kilatini, akayabandika mkia wa Kiingereza, akayaingiza sokoni. Moja ni abequitate, yaani kuondoka umepanda farasi. Sidhani kama kuna Mwingereza aliyewahi kumwambia mkewe neno hilo akitoka nyumbani.

Maneno mepesi yalianza kupewa nafasi karibu miaka mia moja baada ya Cawdrey, katika kamusi ya 1702. Ilipofika 1755, Samuel Johnson alikuta katika kamusi yake kitenzi take, ambacho Cawdrey hakukiona kama neno la kuelezwa, kinadai maana 134.

Visawe navyo vina historia yao. Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na Kilatini kilikuwa tayari kinywani mwa makasisi. Ndiyo maana kuuliza, kwa Mwingereza, kuna ask la wenyeji, question lililopitia Ufaransa na interrogate la Kilatini. Sisi tuna kuuliza kwetu kwa Kibantu, kisha kusaili na kuhoji kutoka Kiarabu. Atakayekuambia maneno haya matatu ni sawasawa, mwulize kama amewahi kuhojiwa na polisi.

Roget alilijua hilo. Peter Mark Roget alikuwa tabibu, amezaliwa London mwaka 1779, baba yake mchungaji kutoka Geneva. Mwaka 1805, akifanya kazi Manchester, alijitengenezea daftari la maneno ya kumsaidia katika maandishi yake mwenyewe. Alikaa nalo zaidi ya miaka 40. Alipoacha ukatibu wa jumuiya ya wanasayansi, Royal Society, ndipo alipolirudia kwa nguvu, na kitabu kikatoka 1852 mwenyewe akiwa na miaka 73. Hakukipanga kwa alfabeti. Aliyagawa mawazo ya binadamu katika mafungu 1,000, la kwanza kuwapo, la mwisho hekalu, na mara nyingi aliweka wazo ubavuni mwa kinyume chake. Fasili hakuweka. Kitabu kile alimtungia mtu ambaye neno liko kwenye ncha ya ulimi halitoki, akiliona alikumbuke. Mimi nilikitumia kama duka la kuchukua nguo nisizojua huvaliwa wapi. Kosa halikuwa la Roget.

Lakini somo kubwa nililipata kwa James Murray. Jumuiya ya wanafilolojia ya London ilianza mwaka 1857 kutafuta watu wa kujitolea kusoma vitabu na kunakili sentensi kwenye vikaratasi, kwa ajili ya kamusi kubwa ambayo leo tunaiita ya Oxford. Murray alipokabidhiwa kazi ya kuihariri mwaka 1879 alijenga banda la mabati kwenye kiwanja cha nyumba yake, akafungua magunia ya vikaratasi. Wasomaji walikuwa wameleta maneno ya ajabu kwa wingi na kuyapuuza ya kawaida. Kwa neno abusion, ambalo hata wakati huo lilikuwa limekufa, alikuta vikaratasi kama 50. Kwa abuse, linalotumika kila siku, havikufika vitano. Ilibidi aombe upya, safari hii maneno ya kawaida. Alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha, ikakamilika 1928. Katika toleo la 1989 kineno set peke yake kilikuwa na maana zaidi ya 400, na baadaye kitenzi run kikakipita kwa kufikisha zaidi ya 600. Abequitate lina moja.

Barua ya mwalimu niliichapa upya bure, nikaandika good. Hakuridhika, alisema Kiingereza kimepungua, lakini aliichukua.

Siku hizi vijana huniletea orodha za maneno ya Kiswahili yaliyofukiwa, wakitaka niyaandike kabla hayajapotea. Nayapokea kwa mikono miwili. Ila ya kila siku nayo yanahitaji mkusanyaji, kama piga: mimi niliitwa mpiga chapa. Wateja wangu walipiga hodi, walipiga soga wakisubiri zamu, na wachache walinipiga fedha. Kwa hiyo nawaomba na nyinyi wasomaji: mkisikia piga imetumika sokoni au kwenye daladala kwa namna isiyo ya jana, niandikieni sentensi nzima, na tarehe. Daftari langu lina matumizi 58 tu ya neno hilo.