Maegesho ya lazima kwenye ploti za biashara: Je, Meru na Embu zilegeze kanuni?

MFANYABIASHARA anayetaka kujenga jengo la orofa katika mtaa wa Makutano, Meru, au Majimbo mjini Embu, sharti awasilishe michoro yake kwa idara ya mipango ya kaunti kabla ya kuchimba msingi. Miongoni mwa mambo ambayo maafisa hukagua ni nafasi ya magari. Je, wapangaji na wateja wa jengo hilo wataegesha wapi? Jibu linalotarajiwa ni kuwa wataegesha ndani ya ploti, wala si barabarani.

Kanuni hiyo haikuzaliwa nchini. Mji wa Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, uliitumia mwaka wa 1923 kwa nyumba za kupanga, na baadaye ikasambaa duniani kadiri magari yalivyoongezeka. Nchini Kenya, Wizara ya Ardhi ilichapisha mwongozo wa upangaji wa maeneo mwaka wa 2007, ambao una viwango vya maegesho kulingana na aina na ukubwa wa jengo. Tangu hapo viwango vya aina hiyo vimekuwa sehemu ya kawaida ya masharti ya kuidhinishwa kwa ujenzi.

Lengo lake ni jema. Jengo linalovutia magari halipaswi kuwatwika majirani mzigo wake. Hata hivyo, katika mitaa midogo ya biashara kanuni hii ina gharama ambayo haionekani kwa haraka.

Hesabu ya ploti moja

Chukua mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila mnunuzi wa ardhi nchini anakifahamu. Ukubwa wake ni takriban mita mraba 465. Tuseme mwenyewe anataka orofa nne za mita mraba 300 kila moja, jumla mita mraba 1,200, na kanuni inadai nafasi ya gari moja kwa kila mita mraba 50. Atahitaji nafasi 24.

Gari moja likiegeshwa huchukua kama mita 2.5 kwa mita 5. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, kila gari linahitaji takriban mita mraba 25. Magari 24 basi yanahitaji mita mraba 600, eneo linaloizidi ploti nzima kabla hata ya tofali la kwanza kuwekwa.

Mwenye ploti anabaki na njia chache. Anaweza kupunguza orofa, au kuchimba maegesho ya chini ya ardhi, kazi ambayo ni ghali na huhitaji kuta imara za kuzuia udongo na mifereji ya kutoa maji, hasa katika mji wenye miteremko kama Meru. Anaweza pia kuunganisha ploti mbili, jambo ambalo tajiri hulimudu na mjane aliyerithi kipande kimoja hawezi. Njia ya nne inajulikana na kila mkazi wa miji yetu: maegesho huchorwa, ramani ikapitishwa, na baada ya muda nafasi hiyo ikagawanywa kwa mbao na mabati kuwa vibanda vya nguo na simu. Hapo sheria imetimizwa kwenye karatasi tu.

Nani huja dukani?

Swali ambalo kanuni hailiulizi ni wateja hufika vipi. Katika soko la Gakoromone mjini Meru, wengi huja kwa miguu, kwa matatu au kwa bodaboda. Bodaboda zilishamiri hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008. Nafasi inayotengewa gari moja yaweza kubeba pikipiki tano au sita, lakini orodha ya viwango huhesabu magari kwanza.

Matokeo yake ni kwamba muuza mboga asiye na gari husaidia kulipia maegesho ya mwenye gari. Gharama ya kuyajenga huingia katika kodi ya duka, na kodi ya duka huingia katika bei ya sukari. Haya si makadirio ya mwandishi peke yake. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles, aliyefariki mwaka wa 2025, aliyafafanua kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure.

Miji kadhaa imebadilika tangu hapo. London iliacha viwango vya chini vya maegesho mwaka wa 2004, na uchunguzi wa majengo ya makazi yaliyofuata ulionyesha kuwa nafasi zilipungua kwa takriban asilimia 40. Buffalo, nchini Marekani, na jiji la Mexico zilifanya mageuzi mwaka wa 2017, nayo New Zealand ikaagiza mabaraza yake ya miji mwaka wa 2020 kuyaondoa masharti hayo. Ifahamike kwamba hakuna aliyepigwa marufuku kujenga maegesho. Kilichoondolewa ni ulazima.

Hofu ya majirani

Wanaopinga wana hoja nzito. Ploti zikiachiliwa, magari yatafurika barabarani, yazibe mifereji na milango ya nyumba za makazi zilizo nyuma ya maduka. Lori la kupakua saruji litasimama katikati ya njia. Katika miji ambayo njia za wapita kwa miguu tayari zimetwaliwa na wachuuzi, hofu hii si ya kubuni.

Kwa maoni yetu, jawabu liko barabarani kuliko kwenye ploti. Ada ya siku nzima ndiyo kasoro kubwa. Nairobi, kwa mfano, ilitoza Sh140 kwa siku hadi Sheria yake ya Fedha ya 2013 ilipoipandisha kuwa Sh300. Ada ikiwa moja kutwa, mwenye duka huegesha mbele ya duka lake mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni, kisha hulalamika kuwa wateja hawana nafasi. Ada ya saa, inayolipwa kwa simu, humfanya ahamishe gari lake pembeni. Isitoshe, mitaa inahitaji saa maalum za kupakua mizigo, vituo rasmi vya bodaboda, na nafasi za watu wenye ulemavu karibu na milango. Hizi za mwisho zisiguswe na ulegezaji wowote.

Mamlaka ya kufanya hivyo yapo. Kabla ya ugatuzi wa 2013, mambo haya yalikuwa ya mabaraza ya manispaa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti usimamizi wa trafiki na maegesho pamoja na mipango ya maendeleo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inairuhusu kuandaa mpango wa eneo dogo, kama vile mtaa mmoja, mradi wananchi washirikishwe. Ada hupitishwa na bunge la kaunti kupitia sheria ya fedha. Kwa hiyo Makutano yaweza kujaribiwa bila kugusa kitovu cha mji wa Meru.

Pana mpaka mmoja. Barabara kuu inayotoka Embu kupitia Chuka na Nkubu hadi Meru iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA), iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Kaunti haiwezi kuchora maegesho kwenye hifadhi ya barabara hiyo bila idhini, na maduka mengi yanaitazama. Mazungumzo na mamlaka hiyo ni lazima yatangulie.

Kwa sasa, mwenye ploti aliyekataliwa ruhusa ya kujenga kwa sababu ya maegesho ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti. Asiporidhika na uamuzi wake, mlango unaofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.