Kariakoo ya Maghorofa: Wenyeji Walienda Wapi?

Wadau, Kariakoo haikuanza na maghorofa. Jina limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Wengi wao hata majina hatuyajui.

Zikafuata nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, jiko uani, barazani mama anauza vitumbua. Miaka ya 70 likajengwa soko kubwa, mchoraji Mtanzania, Beda Amuli. Biashara ikanoga, kiwanja kikawa dhahabu. Kuna waliouza wakahamia pembeni ya mji, kuna walioingia ubia na mjenzi.

Julai 2021 soko likaungua, likajengwa upya. Safi sana. Ila yule mama wa vitumbua, nani alimuweka kwenye ramani?