Kujifunza kazi ya mikono huku mashariki: Leta inafanya nini, patron anadaiwa nini, na mzazi aulize nini

Asubuhi mu miji yetu ya mashariki picha ni moja. Vijana wenye salopeti za mafuta wanafungua garaji mbele ya patron kufika. Wengine wanafagia menizeri, wengine wanapanga machini za kushona ku baraza. Ukiuliza mmoja wao analipwa ngapi, mara mingi atajibu kama yeye bado anajifunza. Ukiuliza tangu lini, utasikia miaka miwili, mitatu, hata mitano. Ukiuliza atapata karatasi gani mwishoni, hapo anaangalia chini.

Huyo kijana anajua kazi. Lakini siku kampuni inatafuta fundi, inaomba diploma au cheti, na yeye hana kitu cha kuonyesha. Ndio maana tumeandika ukurasa huu: kueleza ni njia gani ziko juu ya kujifunza kazi mu Kongo, nani anazisimamia, feza inatoka wapi, na sheria inasema nini kati ya patron na kijana anayejifunza.

INPP ni nini?

Shirika kubwa la Leta mu mambo haya ni Institut national de préparation professionnelle, ile wote tunaita INPP. Iliundwa na ordonnance-loi namba 206 ya tarehe 29 Juni 1964, miaka mine tu nyuma ya uhuru. Wakati ule kazi nyingi za ufundi zilikuwa zimebaki bila watu, maana wageni waliozishika walikuwa wameondoka, na Wakongomani wachache ndio walikuwa wamefundishwa kuzishika. Inchi ilihitaji mafundi haraka, na shule ya kawaida ingechukua miaka mingi.

INPP iko na kazi tatu. Ya kwanza, kufundisha yule ambaye hajui kazi bado. Ya pili, kuongezea ujuzi mtu ambaye tayari anatumika, kwa mfano umeme wa nyumba ameuzoea lakini hajagusa paneli za jua. Ya tatu, kusaidia mtu kubadilisha kazi ikiwa ile ya zamani imekufa. Kwa hiyo INPP si ya vijana tu. Baba wa miaka 45 mwenye kazi anaweza kuingia.

Makao makuu iko Kinshasa, lakini kuna direction mu majimbo. Huku kwetu zinajulikana kwa mfano zile za Goma, Bukavu na Kisangani, na kusini ile ya Lubumbashi. Mafunzo yenye watu wanatafuta sana ni mekaniki ya gari, umeme, mashini za baridi, kuunganisha vyuma, mbao, mabomba ya maji, kushona na kompyuta.

INPP si peke yake. Kuna shule za ufundi za sekondari, zinazosimamiwa na wizara ya elimu, ambako mtoto anasoma miaka na kufanya Examen d'État. Kuna centres de promotion sociale za wizara ya mambo ya kijamii, zilizowekwa juu ya wale waliokosa shule, wengi wao wasichana waliozaa mapema na watu wazima. Kuna tena wizara ya formation professionnelle, na vituo vya makanisa na vya watu binafsi vyenye ruhusa. Hapo ndipo wazazi wanapotea: vituo viwili ku avenue moja vinaweza kufundisha kushona kulekule, lakini karatasi zao hazina uzito mmoja.

Feza inatoka wapi?

Wengi wanafikiri INPP inaishi kwa feza ya bajeti ya Leta na ya wanafunzi tu. Hapana. Sheria inalazimisha kila mwajiri alipe mchango kufuatana na mishahara anayotoa. Kampuni binafsi yenye watumishi mpaka 50 inalipa 3 kwa mia, na kampuni za Leta vilevile. Yenye watumishi 51 mpaka 300 inalipa 2 kwa mia. Yenye kupita 300 inalipa 1 kwa mia.

Tuchukue mfano. Duka kubwa lenye watumishi 20, kila mmoja akipata dola 200 kwa mwezi, linatoa mishahara ya dola 4.000. Mchango wake kwa INPP ni dola 120 kila mwezi. Kampuni ya watumishi 400 wenye mshahara uleule inatoa dola 80.000, na mchango wake ni dola 800.

Mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Haufai kukatwa ku mshahara wa mtumishi. Kile kinachokatwa kwako kihalali juu ya pensheni ni 5 kwa mia ya CNSS. Ukiona ku karatasi yako ya mshahara wamekukata feza ya INPP, uko na haki ya kuuliza. La pili, mwajiri anayelipa anaweza kuomba INPP ifundishe watumishi wake. Wenye makampuni madogo wengi wanalipa na hawaombi kitu, sawa mtu anayelipa maji na hafungui robinet.

Lakini mpango huu uko na shimo. Mchango unatoka ku mishahara iliyoandikwa. Huku kwetu, watu wengi wanaishi kwa soko, shamba, motari, uchimbaji wa mikono na ateliye ndogo zisizoandikwa popote. Pale ambapo makampuni makubwa ni machache, feza ya mafunzo inayokusanywa ni kidogo, na ni palepale vijana wasio na kazi ni wengi. Majimbo ya migodi mikubwa ya kusini na mji wa Kinshasa hayako mu hali moja na Ituri ao Maniema.

Jimbo liko na neno gani?

Watu wanauliza ku redio: kwa nini gavana hafungui vituo? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, mu kifungu cha 204, inaweka elimu ya chekechea, ya msingi, ya sekondari, ya ufundi na ya pekee kati ya mambo ya jimbo, lakini kufuatana na kanuni zinazowekwa na serikali ya kati. Maana yake, jimbo linaweza kujenga, kuendesha na kupanga. Programu na vyeti vinabaki kufuata mstari wa Kinshasa.

Shida ni makuta. Kifungu cha 175 cha Katiba hiyohiyo kinasema kama 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa ni sehemu ya majimbo, na ikamatwe palepale inapokusanywa. Tangu mwanzo jambo hili limeleta mabishano, na majimbo yameendelea kungojea feza itumwe kutoka Kinshasa. Jimbo lisilolipwa sawasawa linalipa kwanza mishahara na barabara iliyokatika. Kituo cha mafunzo kinangoja.

Ku Ituri na Kivu ya Kaskazini kuna jambo lingine tena. Tangu tarehe 6 Mei 2021, chini ya état de siège, magavana ni wanajeshi na kazi ya bunge za majimbo ilisimamishwa. Kwa kawaida bunge ndilo linapiga kura ya bajeti ya jimbo na kumuuliza gavana feza imefanya nini. Bila bunge, mkaaji anayetaka kujua makuta ya mafunzo iko wapi anakosa mlango wa kugonga. Kiisha vita ikafika Goma mu Januari 2025 na Bukavu mu Februari 2025. Banki zilifungwa, familia zilikimbia, na wanafunzi wengi waliacha mafunzo katikati.

Kuna tena mpango wa kitaifa wa P-DDRCS, uliowekwa mu Julai 2021 juu ya kunyang'anya silaha na kurudisha wapiganaji ku maisha ya kawaida. Mafunzo ya kazi ni sehemu yake. Wakaaji wanauliza swali moja kila mara, na ni swali la haki: kwa nini aliyebeba bunduki afundishwe bure, na yule aliyekataa kubeba akose? Jibu zuri ni kufundisha wote wawili mu kijiji kimoja, maana yule wa kwanza asipopata kazi, wa pili ndiye ataporwa.

Apprentissage kwa patron: sheria inasema nini?

Vijana wengi hawapiti INPP wala shule. Wanapelekwa kwa fundi wa kartiye. Mzazi anazungumza na patron, analeta feza kidogo, pengine na kuku, na mtoto anaanza. Njia hii ni ya zamani na imelea mafundi hodari. Lakini Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaijua na imeiwekea mipaka.

Sheria inaita jambo hili mkataba wa apprentissage. Patron anakubali kumpa kijana mafunzo ya kazi yenye mpangilio na yenye kukamilika. Kijana naye anakubali kufuata maagizo na kufanya kazi anazopewa juu ya kujifunza. Tuangalie maneno hayo: juu ya kujifunza. Kijana anayetumwa kuchota maji ya bibi wa patron na kuchunga watoto wake hafanyi apprentissage. Na yule ambaye mwaka wa tatu bado anashika taa tu wakati wengine wanafungua moteri, patron hajatimiza neno lake.

Mkataba huu unapaswa kuandikwa. Karatasi moja ya daftari, ikiandikwa vizuri na kusainiwa na pande mbili mbele ya washahidi, ni bora kuliko maneno ya mdomo. Iandike majina, kazi itakayofundishwa, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, feza ya kulipa kama iko, na kile patron atatoa mwishoni. Kila mmoja abaki na yake.

Juu ya umri, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kuajiri mtoto mbele ya kutimiza miaka 16. Kazi za hatari, sawa kuingia mu shimo la madini, zimekatazwa kwa kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Kuziita mafunzo hakubadilishi kitu.

Kama ugomvi unatokea, mlango wa kwanza ni Inspection du travail. Mukaguzi anaita pande mbili na kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, ndipo mambo yanaenda ku tribunal. Peleka karatasi yako. Bila karatasi, patron anaweza kusema mtoto alikuwa anakuja kutembea tu.

Maswali ya kuuliza mbele ya kulipa

Mzazi, ao wewe kijana mwenyewe, usitoe hata franga moja bila kupata majibu ya maswali haya:

1. Kituo kinatumika chini ya wizara gani? Omba kuona arrêté ao ruhusa, si kusikia tu.
2. Mwishoni wanatoa karatasi gani, na nani anaisaini? Cheti cha kushiriki si sawa na brevet.
3. Vifaa viko ngapi kwa wanafunzi ngapi? Ingia ndani uhesabu. Machini 5 kwa wanafunzi 40 maana yake utakuwa unaangalia tu.
4. Nani analipa vitambaa, mbao, nyaya? Vituo vingi vinatangaza bei ndogo na kudai vitu kila wiki.
5. Kuna stage ndani ya kampuni ao ateliye? Kama iko, ni wapi?
6. Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo? Omba kuongea na wawili.

Tukumbuke tena kama elimu ya bure iliyoanza kutumika tangu Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Mafunzo ya ufundi hayako ndani. Kituo kikikuomba minerval, hakijavunja sheria hiyo. Lakini kitoe reçu.

Nyuma ya mafunzo

Mashirika mengi huku yanafundisha vijana miezi mitatu ao sita, kiisha yanawapa kiti ya vifaa. Ni msaada, hatukatai. Lakini kila mwisho wa mwaka, ku soko unaona machini za kushona mpya zinauzwa nusu ya bei. Kijana hakuuza juu ya uvivu. Alimaliza na washonaji wengine 30 siku moja mu kartiye moja, wateja hakuna, na nyumbani kuna njaa. Programu iliyopima wangapi wamefundishwa, bila kupima wangapi wanatumika nyuma ya mwaka mmoja, haijapima kitu.

Kwa hiyo, mbele ya kuchagua, tembea mu mji wako. Hesabu washonaji. Kisha tafuta nani anatengeneza friji, pompe ya maji, paneli ya jua ao moteri ya mtumbwi. Pale unapokosa fundi na watu wanalalamika, ndipo kazi iko.

Na kwa yule kijana wa garaji mwenye miaka mitano na bila karatasi: haujachelewa. Omba patron akuandikie attestation ya miaka uliyotumika, yenye saini na muhuri kama anao. Ubebe karatasi ile ku direction ya INPP iliyo karibu, ueleze unachojua, na uulize wanaweza kukuweka ku daraja gani. Mikono yako tayari imesoma. Kinachobaki ni kupata karatasi inayosema hivyo.